Uzi: Ng'ombe wabaki, mwenye ng'ombe aende. Historia ya ruhusa ya kuvuka mpaka Ukambani

Kila mdahalo wa siasa ukifika kwenye kazi za Uarabuni, utasikia sauti mbili. Moja inasema tufunge, watoto wetu wanarudi ndani ya majeneza. Nyingine inasema tufungue zaidi, nchi inahitaji dola. Zote mbili zinaongea kana kwamba jambo hili lilianza juzi, siku wakala wa kwanza alipobandika karatasi kwenye stendi ya Wote.

Halikuanza juzi. Uzi huu hautataja mwanasiasa wa leo wala chama chochote, kwa hivyo wale wa "wewe ni wa upande gani" mtulie kidogo. Ni kuhusu Kitui na Makueni, na swali moja ambalo midahalo hulikwepa: kati ya mtu na mali yake, nani huruhusiwa kutoka, na ni nani anayeamua?

Twende.

Tuanzie miaka ya 1800, kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka. Mvua ikikosa Kitui, watu hawakukaa kungoja. Kikamba kina neno la safari hizo, kuthuua: unaenda kutafuta chakula kwa jirani aliyenyeshewa, ukiwa umebeba kitu cha kubadilishana. Mishale, sumu ya mishale, minyororo ya shaba, mbuzi. Polepole safari za njaa zikawa safari za biashara, na bidhaa kubwa ikawa pembe za ndovu. Kufikia miaka ya 1840 misafara ya Wakamba ilikuwa inashuka mpaka Mombasa ikiwa na mamia ya watu. Wengine hawakurudi; walitulia Rabai na kwingineko pwani, na vizazi vyao viko huko mpaka leo.

Tajiri wa Kitui enzi hizo alikuwa Kivoi. Mwaka 1849 mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika kwake, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba, alipouona Mlima Kenya. Vitabu vya shule hupenda hiyo habari ya mlima. Mimi napenda upande mwingine wa hadithi: mgeni aliyehitaji ruhusa na ulinzi wa kupita alikuwa Mzungu, na mwenye kutoa alikuwa Mkamba. Kivoi aliuawa 1851 safarini kuelekea mto Tana, Krapf akiwa kwenye msafara huohuo.

Zile pembe zilienda wapi? Zanzibar, kisha Bombay, London na Marekani, zikawa funguo za piano na mipira ya biliadi. Sayyid Said wa Zanzibar alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833, na moja ya bidhaa zilizorudi bara ilikuwa kitambaa cha pamba ambacho watu walikiita merikani. Ndiyo, ni kwa sababu kilitoka Marekani. Kwa hiyo mtu akikwambia Ukambani imeingia kwenye biashara ya dunia juzi na maembe, mwambie akaulize nyanya ya nyanya yake alijifunga nguo gani.

Si ati zilikuwa enzi za malaika. Ndovu walimalizwa, na njia zilezile zilipitisha pia watu waliouzwa. Lakini hakuna ofisi iliyomwambia Mkamba "wewe pita, mbuzi wako abaki". Hilo lilikuja na reli.

Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na reli ikapita hapa hapa kwetu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud (huyo Hamud ni Sultani wa Zanzibar wa wakati huo). Waingereza waliajiri takriban watu 32,000 kutoka India kwa mikataba, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa. Zaidi ya 6,700 walibaki baada ya mikataba kuisha. Ukipita Makindu leo utaona hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na dereva yeyote wa barabara ya Mombasa atakwambia pale msafiri hula bila kulipa.

Sasa jiulize. Kwa nini uvushe watu bahari nzima ilhali kuna watu kando ya reli? Maafisa walisema Waafrika hawataki kazi. Mimi nasema ukweli ulikuwa rahisi zaidi: mtu mwenye shamba na mifugo anakubali kibarua cha muda, kisha mvua ikinyesha anarudi kupanda. Huwezi kujenga reli na mtu ambaye ana mahali pa kurudi. Wa kutoka India alikuwa na mkataba na bahari nyuma yake. Hiyo ndiyo faida ya mfanyakazi mgeni kwa mwajiri, wakati ule na sasa: hawezi kwenda nyumbani jioni.

Halafu miaka hiyohiyo Ukambani ilipigwa. Sotoka ilishaua ng'ombe, na 1898 hadi 1899 ikaja njaa ambayo wazee bado wanaiita Ngomanisye. Watu walioponea hapo hawakuwa tena wale wa Kivoi. Kodi ya nyumba ikaja 1901, ya kulipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa nani? Kwa mwajiri.

Hapo ndipo sera inapokaa sawa. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume wa zaidi ya miaka 16 alitembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha bati, shingoni, yenye alama za vidole na maneno ya mwajiri wa mwisho. Ukitoka kwenye kazi bila kuandikiwa kuwa umeachiliwa, wewe ni mhalifu. Wazungu wenye mashamba walikuwa wakati huohuo wakipiga kelele kwamba Wahindi wazuiwe kuingia nchini. London ikajibu 1923 kwa waraka uliosema maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza. Maneno matamu kweli. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu, na kipande kikabaki shingoni.

Na ng'ombe je? Ng'ombe wa Mkamba waliwekwa karantini kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya vita viwili. Sababu iliyoandikwa ilikuwa magonjwa, na magonjwa yalikuwepo kweli. Lakini karantini ilimfaa pia mfugaji Mzungu ambaye hakutaka ng'ombe wa bei nafuu sokoni. Uwanda wa Yatta nao ulikuwa ardhi ya serikali, malisho yake si ya kuingia utakavyo. Kwa hiyo mifugo ikajaa ndani ya hifadhi, udongo ukaanza kwenda na maji.

Umeona mpangilio? Ng'ombe hawezi kutoka kuuzwa. Mwenye ng'ombe anaruhusiwa kutoka kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge au kahawa. Anasukumwa hata, kwa sababu kodi haingoji.

Kisha mwaka 1938 mlango wa ng'ombe ukafunguliwa ghafla, kwa nguvu. Kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River na ilihitaji ng'ombe, wengi, kwa bei ya chini. Serikali ikagundua kwamba mmomonyoko wa udongo umekuwa janga na mifugo ipunguzwe kwa lazima. (Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, sikatai. Ila dawa yake ilifuata mahitaji ya mnunuzi mmoja.) Maafisa walihesabu, wakapiga chapa waliobaki, wengine wakachukuliwa mnadani ambako mwenye mali hakuwa na sauti juu ya bei.

Mwisho wa Julai 1938 watu kama elfu mbili, wanaume, wanawake na watoto, walitoka wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilijumuisha Makueni, wakaenda Nairobi wakitaka kumwona Gavana. Walikaa huko kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, ndiyo, yule wa barabara ya katikati ya jiji unayopita kila siku bila kumfikiria. Alikamatwa Septemba, akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, upunguzaji wa lazima ulikuwa umesimamishwa. Jambo ambalo halisemwi sana: waliochangia sauti yao kusikika ni pamoja na mjumbe Mhindi wa Baraza la Kutunga Sheria. Kumbukeni hilo mtu akiwaambia wageni na wenyeji hawajawahi kuwa na shida moja.

Naruka miaka mingi hapa, jeshi la KAR, polisi, uchongaji, uhuru wenyewe, kwa sababu nataka kufika kwenye maembe.

Mwaka 2003 watafiti waligundua hapa Kenya aina ya nzi wa matunda kutoka Asia. Nzi huyu hutaga mayai ndani ya embe, na embe linaonekana zima mpaka ulikate. Ulaya hawataki kumwona. Mwaka 2014 Kenya ikajizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kabla haijafungiwa. Makueni, iliyokuwa imejaza miti ya Apple na Kent milimani na mabondeni, ikabaki na soko la ndani, soko la Uarabuni, na madalali.

Mwaka huohuo wa 2014, serikali ilisimamisha pia kupeleka wafanyakazi wa nyumbani nchi za Ghuba, baada ya kilio cha mateso, na kufuta leseni za mawakala.

Kwa hiyo 2014 milango miwili ilifungwa, wa embe na wa mtu. Ulifunguliwa upi kwanza? Wa mtu, 2017. Embe la kwenda Ulaya lilingoja mpaka 2021, baada ya mitego mashambani, maeneo maalum ya kudhibiti nzi, na matunda kupitishwa kwenye maji ya moto.

Nadhani sababu haihitaji njama yoyote. Kufungulia embe ni gharama: mitambo, wakaguzi, mafunzo, miaka. Kumfungulia mtu ni pasipoti. Na mtu hutuma pesa: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya tulizopata kwa chai, na Saudia iko miongoni mwa nchi za mbele kabisa kwenye orodha hiyo. Serikali yoyote, ya rangi yoyote, itapenda dola ambazo hazikuhitaji kujengewa kiwanda.

Lakini angalia ukaguzi. Embe linakaguliwa kutafuta yai la nzi. Nyumba ambayo msichana wa Mutomo anaenda kufanya kazi Riyadh inakaguliwa na nani? Mfumo wa kafala unamfunga kwa mwajiri mmoja. Saudia ilipolegeza masharti 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Bunge letu liliambiwa kwamba Wakenya 89 walikufa Saudia kati ya 2020 na 2021, wengi kwa kilichoandikwa kuwa mshtuko wa moyo. Wasichana wa miaka ishirini na kitu.

Mnaosema "tufunge", mlishaona 2014. Watu hawakuacha kwenda. Walipitia nchi jirani, kwa viza za utalii, bila mkataba wowote wa kuonyesha ubalozini. Mnaosema "tufungue", kufungua bila ukaguzi ni kipande kisicho na kikopo. Na mkataba wa biashara wa Kenya na Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024 unaruhusu bidhaa zetu kuingia bila ushuru. Kuhusu mtu wa Kalamba anayetaka kuzifuata, nenda ukapange foleni ya viza.

Na tusijifanye sisi ni wahanga tu. Kitui mashariki, wafugaji wa ngamia wanapoingia kutoka Tana River na Garissa wakati wa kiangazi, sisi ndio tunaosema warudi kwao. Kuna damu imemwagika pande zote. Wanachofanya wale kina neno la Kikamba, na nimelitaja hapo juu.

Mdahalo ujao ukifika Wote au Kitui mjini na ukapewa kipaza sauti, usiulize "mtafunga au mtafungua". Uliza: mkataba na Saudia unasema pasipoti ishikwe na nani? Afisa wa kazi ubalozini ni wangapi, na wanatembelea nyumba ngapi kwa mwezi? Mshahara wa riyali 900 au 1,000 uliwekwa na nani, na kwa nini haujapanda? Na yale maji ya moto ya maembe, yatafika vijiji vingapi kabla ya msimu ujao?

Nauliza kwa sababu ya shangazi yangu, upande wa Mbooni. Wakala alimwambia safari ya binti yake ni bure, kila kitu kinalipwa na mwajiri. Ikaja pasipoti, vipimo vya hospitali, nauli za Nairobi, malazi ya mafunzo. Maembe msimu huo dalali alichagua yeye, akahesabu yeye, akataja bei yeye, na pesa haikutosha. Akauza ng'ombe. Binti aliondoka 2022, na miezi minne ya kwanza simu yake haikupatikana. Amesharudi, mzima, ila hataki kuongea habari za huko, na hatumlazimishi.

Shangazi nilimsomea uzi huu kabla sijauweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesahau kuandika kwamba yule ng'ombe alikuwa wa maziwa.