Logi Dramu Haikutoka Hewani: Watu Usiowajua Waliogawa Bure Siri za Sintesaiza

Logi dramu ya amapiano ikiingia, hata aliyekuja kumsindikiza rafiki tu anajikuta kasimama. Iwe Johannesburg, Dar au Nairobi, besi ile inayogonga kama gogo haimuachi mtu. Sasa hapa ndipo patamu: haikurekodiwa kwenye gogo lolote. Ilikuwa imekaa kimya ndani ya kinanda kidogo cha kompyuta kiitwacho Fruity DX10, kinachokuja na FL Studio, mpaka maprodyuza wa Afrika Kusini walipoifungua na kuifanya yao. Na nyuma ya kinanda hicho kuna mnyororo wa watu ambao hutawaona kwenye posta ya shoo yoyote.

Twende taratibu.

Mwaka 1967, pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwanamuziki mmoja alikuwa anachezea sauti kwenye kompyuta. Alichukua wimbi moja akalitumia kulitikisa lingine, kama mwimbaji anavyotetemesha sauti yake. Akazidi kuongeza kasi. Ikafika mahali hakusikia tena mtetemo, akasikia sauti mpya kabisa, mara kengele, mara tarumbeta. Mawimbi mawili tu, basi!

Kampuni za vinanda za Marekani zilipoonyeshwa ugunduzi huo hazikuona kitu. Chuo nacho kikamnyima ajira ya kudumu. Lakini mwaka 1973 jamaa aliandika makala ya kitaalamu akaeleza hesabu zake zote, yeyote anayeweza kuisoma aisome. Yamaha ya Japani ndio walioona dili, wakachukua leseni, na Stanford ikamwita mtu wake arudi.

Mwaka 1983 ikatoka Yamaha DX7, iliyouzwa karibu dola 2,000. Iliuzwa zaidi ya 100,000, na piano yake ya umeme ikajaa kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ile. Tatizo likawa moja: kuipanga sauti yako mwenyewe ilikuwa balaa. Sintesaiza za zamani zilikuwa na vitufe vingi vya kuzungusha, unagusa na kusikia papo hapo. DX7 ilikuwa na kioo kidogo cha mistari miwili na namba zaidi ya mia za kubadilisha moja moja. Wanamuziki wengi wakakata tamaa, wakatumia sauti zilizowekwa kiwandani. Ndio maana nyimbo nyingi za kipindi kile zinafanana piano.

Maana yake ni kwamba mashine ilikuwepo ila elimu yake ilikuwa imefungwa. Ulihitaji chuo, kitabu cha gharama, au mtu wa studio akuonee huruma.

Kufuli lilianza kulegea mwaka 1999. Jarida la Uingereza la Sound on Sound lilianza mfululizo wa masomo ulioitwa Synth Secrets. Mwandishi wake alikwenda nao mpaka mwaka 2004, sehemu 63! Alieleza kila kitu kuanzia chini kabisa: osileta inayozalisha wimbi, chujio linalopunguza ukali wake, na envelopu inayoamua sauti iingie vipi na ife vipi. Hakuishia kwenye nadharia. Chukua tarumbeta. Ukiipuliza polepole inakuwa laini, ukiikaza inang'aa. Kwa hiyo kwenye sintesaiza, chujio lazima lifunguke kadiri sauti inavyopanda. Ukishaelewa hilo, huhitaji tena mtu wa kukuuzia priseti ya tarumbeta. Masomo yote hayo yakawekwa kwenye intaneti, bure.

Wengine waligawa vifaa vyenyewe. Mwaka 1996 mtafiti mmoja wa Marekani alitoa Pure Data, programu ya bure ya kujenga sauti kwa kuunganisha maboksi kwenye skrini. Mwaka 2007 akatoa kitabu kizima cha nadharia ya muziki wa kielektroniki, nacho kinasomeka bure mtandaoni. Mtengenezaji mwingine alitoa plagini zake chini ya jina la mda bila kudai hata senti. Moja iliitwa DX10, sintesaiza ndogo inayotumia ule ule mtindo wa wimbi kutikisa wimbi. Ndiyo hiyo ikaingia FL Studio, na ndimo logi dramu ilimokuwa imekaa.

Baada ya hapo milango ikafunguka kabisa. Dexed inaiga DX7 bure, na kila namba iliyokuwa imejificha nyuma ya kile kioo kidogo unaiona kwenye skrini moja. Surge iliwahi kuwa ya kuuzwa, lakini mwaka 2018 mwenyewe akaachia msimbo wote, na watu wa kujitolea wanaiendeleza mpaka leo. Mwaka 2019 Ableton wakafungua ukurasa wa Learning Synths, unajifunza ndani ya brauza bila kufunga programu yoyote. Mwaka 2020 ikaja Vital, yenye toleo la bure, kutoka kwa mtengenezaji ambaye tayari alikuwa amegawa sintesaiza nyingine iitwayo Helm.

Sasa angalia ilivyo leo. Prodyuza chipukizi anakusanya hela anunue vifurushi vya priseti, wakati prodyuza wa mtaa wa pili kanunua vile vile. Biti zao zinatoka mapacha, halafu wanashangaa wasanii hawawatofautishi. Wale wa Afrika Kusini nao walianza na priseti, hilo halina ubishi. Tofauti ni kwamba hawakuiacha walivyoikuta: waliigonga, wakaivuta, wakaifanya iongoze wimbo mzima.

Mwenye laptopu iliyochoka na bando la wiki anaweza kuanza leo jioni. Fungua Vital, chukua wimbi laini lisilo na mikwaruzo, mwambie envelopu ianzishe noti juu na kuishusha kwa kasi mpaka chini kabisa. Hiyo ni kiki ya dramu, umeitengeneza mwenyewe. Yule wa Stanford alianza na mawimbi mawili, wewe unaanza na moja.

Haya mdau, sauti gani kwenye ngoma za sasa imeshakuchosha kwa kurudiwa? Itaje hapo chini.