Walimu Wageni wa Ukanda wa Shaba

Elimu ya kisasa katika ukanda wa shaba wa Lualaba, nchini Kongo, iliasisiwa na walimu waliotoka mbali. Mwaka 1910, miaka minne baada ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuanzishwa, watawa Wabenedikto kutoka Ubelgiji walifika Katanga, eneo lililojumuisha Lualaba, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Katika kambi za wachimbaji, kampuni iliziachia misheni za Kikatoliki kazi ya kufundisha watoto. Mmisionari mgeni alilazimika kujifunza Kiswahili, lugha ya madarasa ya mwanzo.

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada walikuwa wachache mno, na Wabelgiji wengi waliondoka. UNESCO ikaajiri walimu wa sekondari kutoka nje, wakiwemo Wahaiti wengi. Hao walijua Kifaransa, hivyo waliweza kuanza kufundisha mara moja.

Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliuteka Kolwezi, mji wa madini wa Lualaba. Askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka tarehe 19, na karibu Wazungu wote wakahamishwa. Katika miongo iliyofuata, Wakongo wenyewe ndio hasa waliobeba mzigo wa kufundisha, nao wanastahili heshima kubwa.