Filamu ya Congo ni kazi ya mikono mingi

Ukitaja filamu « La Vie est belle » mbele ya wakaaji wa Congo, wengi watakujibu palepale: Papa Wemba! Ni kweli, yeye ndiye aliyecheza Kourou, kijana maskini anayetoka kijijini na kuingia Kinshasa ili awe mwanamuziki. Lakini filamu ile haikutengenezwa na mtu mmoja. Historia ya sinema ya inchi yetu inaonyesha kwamba kila mara ilipopiga hatua, ilibebwa na kundi.

« La Vie est belle » ilitoka mwaka wa 1987, wakati inchi ilikuwa inaitwa bado Zaïre. Waongozaji walikuwa wawili: Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu aliyesomea sinema Ubelgiji, na Benoît Lamy, Mbelgiji. Kinshasa ilitoa barabara zake, baa zake, muziki wake na watu wake. Bibi Krubwa alicheza Kabibi, msichana anayependwa na Kourou. Kanku Kasongo alicheza Nvouandou, tajiri anayemtaka msichana huyohuyo. Ondoa mmoja wao tu, na hadithi yote inaanguka.

Mwaka wa 1998 Ngangura alileta « Pièces d'identités », hadithi ya mfalme mzee, Mani Kongo, anayesafiri hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake. Aliyevaa kofia ya mfalme huyo alikuwa Gérard Essomba, mchezaji kutoka Kameruni. Mwaka uliofuata filamu ilipata Étalon de Yennenga, zawadi kubwa kupita zote za FESPACO kule Ouagadougou. Ushindi ulikuwa wa Congo, lakini jirani alisaidia kuubeba.

Kisha akaja Djo Munga. Yeye aliona kwamba kamera peke yake haitoshi, inahitaji watu wanaojua kuitumia. Akawafundisha vijana kazi, na mwaka wa 2010 ikatoka « Congo in Four Acts », filamu fupi nne za vijana, kati yao Dieudo Hamadi na Kiripi Katembe. Mwaka huohuo Munga mwenyewe alitoa « Viva Riva! », iliyopata zawadi sita za AMAA mwaka wa 2011. Kiripi alifariki mwaka wa 2015, angali kijana. Hamadi, mtoto wa Kisangani, akaendelea.

Mwaka wa 2020 filamu yake « En route pour le milliard » ilichaguliwa na tamasha la Cannes. Inawafuata watu walioumizwa katika vita vya siku sita, mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Wengine wamepoteza miguu, wengine mikono. Wanapanda mashua, wanateremka mto hadi Kinshasa kudai malipo yao. Hapa swali la shukrani linakuwa zito. Watu hao hawakuazima filamu uso tu. Walitoa vidonda vyao na uchungu wao. Kuwapigia makofi ndani ya ukumbi, kisha kusahau madai yao, ni kula chakula na kumfukuza mpishi.

Aksanti ya kweli katika kazi ya sinema inajulikana kwa matendo: jina la kila mtu kuandikwa vizuri mwishoni mwa filamu, mshahara kulipwa, na filamu kurudishwa kuonyeshwa kule ilikopigwa. Papa Wemba alituacha mwaka wa 2016, Benoît Lamy mwaka wa 2008. Wenye kukumbuka nani alibeba taa na nani alishona nguo wanazidi kupungua. Vijana wa Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi wanaoshika kamera leo waanze na jambo hilo dogo: kabla ya kuzima mashine, waandike majina yote. Kidole kimoja hakivunji chawa.