Uhariri wa jenomu si GMO kwa jina jingine

Mtama unaopimwa kwa gorogoro mjini Embu, mtaani Majengo na sokoni, aghalabu hutoka Mbeere na Tharaka, nyanda kavu ambako mahindi hukauka kabla ya kubeba. Mtama huohuo unafanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kazi yenyewe imepewa majina ovyo: mara uhandisi jeni, mara GMO. Jina linaloifaa ni uhariri wa jenomu.

Jenomu ni maelezo yote ya urithi yaliyomo katika seli ya kiumbe. Ya mtama ina takriban herufi milioni 730, na jeni ni kipande kimoja tu cha maelezo hayo. Magazeti ya Kenya yamezoea msimbojeni na Watanzania husema vinasaba. Maneno hayo ni mazuri, ila hutumika zaidi mtu anapotafuta mzazi wa mtoto au jina la maiti. Kwa maelezo yote kwa jumla, jenomu ndilo neno. Na uhariri? Mhariri hufuta au hubadilisha herufi katika andiko lililokwishakuwapo. Hachomeki sura nzima ya kitabu kingine. Mahindi ya Bt, ambayo ni GMO, kinyume chake, yametiwa jeni ya bakteria.

Zana maarufu ya kazi hii ni CRISPR, iliyoelezwa mwaka 2012 na Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, waliotunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Kipande kifupi cha RNA hukiongoza kimeng'enya Cas9 hadi mahali palipolengwa, nacho hukata hapo. Seli yenyewe huunga palipokatwa, na katika kuunga herufi chache huweza kupotea, jeni ikanyamaza.

Katika maabara ya Profesa Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliyepata Tuzo ya Afrika ya Royal Society mwaka 2020, jeni inayolengwa ni LGS1. Adui ni striga, gugu lenye maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo na Watanzania kiduha. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, huweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi mpaka mzizi wa mtama utoe kemikali ya kuziamsha. LGS1 ikinyamazishwa, mzizi hutoa kemikali ya aina nyingine, na mbegu nyingi za striga haziamki.

Utafiti wa namna hii unahitaji mashine ambazo chuo kimoja hakimudu. Ndiyo maana ya maabara ya pamoja, kama ile ya BecA iliyo katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi: watafiti wa vyuo vya ukanda huu huweza kupeleka sampuli au kwenda kufanya kazi palepale. Katika eneo hilohilo Leena Tripathi wa taasisi ya kilimo cha kitropiki, IITA, na wenzake walihariri ndizi na kulemaza virusi vilivyojificha ndani ya jenomu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019.

Kuchanganya majina kuna gharama. Marufuku ya GMO nchini Kenya ya Novemba 2012 iliondolewa Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani. Mwaka huohuo wa 2022 Kenya ilitoa mwongozo tofauti wa uhariri wa jenomu, unaoruhusu zao lisilo na jeni ngeni kuchukuliwa kama mbegu ya kawaida iliyoboreshwa. Basi Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, vinapozungumza na wakulima, viseme wazi kwa Kiswahili: mbegu hii imehaririwa au imetiwa jeni ngeni?