Sanamu ya Ngoma ya Wasukuma

Sanamu hii ya mti ilichongwa ichezwe, si iwekwe rafuni. Ni aina iliyotumika Usukumani karne ya 20, Bariadi ikiwemo. Tazama mikono: imechongwa peke yake kisha ikaunganishwa na kiwiliwili, ili mchezaji aichezeshe mbele ya watu.

Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hapo ndipo sanamu ilipokuwa silaha, sawa na fisi wa kufugwa, chatu na majembe yanayorushwa hewani. Ufundi wa namna hii unastahili heshima zaidi ya uliyopewa.

Nyumbani, kumbukumbu za ukoo zilitunzwa kwingine: katika vijumba vya masamva, yaani wahenga, na vitu vyao walivyorithishwa wajukuu.

Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya urithi wa Wasukuma huko Bujora, karibu na Mwanza. Makumbusho ya huko hupokea wageni wa mataifa mengi, na kila Juni ngoma hushindanishwa kwenye sikukuu ya Bulabo.

Tafadhali usiguse: viungo vya mikono huvunjika upesi.