Mshahara wa aliyeumia kazini si hisani ya mwajiri

MFANYAKAZI aliyekatwa kidole na mashine kiwandani, au aliyeanguka kutoka juu ya jengo, mara nyingi huambiwa aende nyumbani akapone. Siku anazouguza jeraha huhesabiwa kama likizo ya kawaida ya ugonjwa, na zikiisha, mshahara nao hukatwa.

Kufanya hivyo ni kuchanganya sheria mbili tofauti, na anayeumia kutokana na mchanganyiko huo ni mfanyakazi.

Likizo ya ugonjwa imo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za likizo hiyo kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12.

Majeraha ya kazini yana sheria yake, iliyopitishwa mwaka huo huo na ambayo Wakenya wengi huifahamu kama WIBA. Sheria hii inasema kuwa mfanyakazi asiyeweza kabisa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi kutokana na ajali hiyo anastahili kulipwa pesa zinazolingana na mapato yake, kwa kuzingatia viwango vinavyowekwa na Waziri.

Malipo hayo huendelea maadamu hajapona, ila hayapiti miezi 12. Anayeweza kufanya kazi kiasi hulipwa sehemu yake. Malipo hukoma anaporejea kazini kwa mapato yale yale au zaidi, au anapopewa fidia ya ulemavu wa kudumu.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, mfanyakazi wa mshahara wa Sh20,000 ambaye ulemavu wake umekadiriwa kuwa asilimia 10 atapata asilimia 10 ya Sh1,920,000, yaani Sh192,000.

Gharama za matibabu pia ni mzigo wa mwajiri, ambaye sheria inamlazimu kuwakatia bima wafanyakazi wake. Kibarua na mwanagenzi nao wamo. Hata anayeumia ndani ya gari alilopewa na mwajiri kumpeleka kazini au kumrudisha huhesabiwa kuwa ameumia kazini.

Aliyejiletea ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi anaweza kunyimwa fidia, isipokuwa pale ajali hiyo inaposababisha kifo au ulemavu mkubwa.

Kwa miaka mingi sheria hii iligubikwa na mzozo mahakamani. Mnamo 2009, Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake kufuatia kesi ya Chama cha Mawakili. Mahakama ya Rufaa ilivirejesha vingi vya vifungu hivyo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo Desemba 2019.

Kutokana na uamuzi huo, madai ya fidia huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si mahakamani. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga kwake, kisha anaweza kukata rufaa katika mahakama ya masuala ya ajira.

Haki hii haimfikii aliyekaa kimya. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, anapaswa kumwarifu mwajiri kuhusu ajali, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri naye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi. Madai yenyewe yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyejeruhiwa na ahifadhi stakabadhi za hospitali, hati za mshahara, nakala ya taarifa aliyompa mwajiri na majina ya walioshuhudia. Siku ya kudai haki yake, hizo ndizo zitakazomsemea.