Pampu ya Kufyonza Oili Chafu: Jina Moja, Mashine Mbili

Mji wa Manono, nchini Kongo, hauko kando ya Ziwa Tanganyika. Bandari ya mkoa wa Tanganyika ni Kalemie, huko mashariki, mahali ambapo ziwa linatoa maji yake kwa mto Lukuga kuelekea Lualaba. Hata hivyo wilaya ya Manono ina mito yake. Luvua inatoka Ziwa Mweru, inapita Kiambi, kisha inaungana na Lualaba pale Ankoro, na kutoka Kiambi hadi Ankoro boti zisizohitaji kina kirefu zina njia ya karibu kilomita 160. Si maji mageni kwa injini: mwaka 1915 Mimi na Toutou, boti mbili za kivita za Waingereza zenye injini za petroli, ziliteremshwa kwa Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, zikaendelea kwa reli kwenda kupigana na Wajerumani ziwani.

Injini za boti zinazoonekana leo kwenye mito hii na ziwani ni za namna mbili, na istilahi yetu inahusu namna moja tu. Injini ya kupachika nyuma ya mtumbwi, ile ya mipigo miwili, inachanganyiwa oili katika petroli na kuiunguza yote. Haina oili ya kubadilisha, isipokuwa kiasi kidogo cha oili ya gia kule chini karibu na pangaboi. Dizeli iliyofungwa ndani ya boti ni habari nyingine. Hiyo ina sampu, bakuli la chini linalohifadhi oili, na oili hiyo lazima itolewe kila baada ya saa kadhaa za kazi zilizoandikwa na mtengenezaji.

Oili inayotolewa huitwa oili chafu, na jina hilo limechaguliwa vizuri kuliko “oili ya zamani”. Umri si kitu. Oili iliyowekwa mwezi uliopita inaweza kuwa imejaa masizi, asidi, chembe za chuma na matone ya maji, na iliyokaa dukani miaka miwili ndani ya kopo lililofungwa ikawa bado nzima. Kazi yenyewe, fundi wa Dar es Salaam anaiita kumwaga oili. Wa Kongo anasema vidanji, neno la Kifaransa lenye maana ya kumwaga kilichomo. Wote wawili wanaifikiria injini iliyo nchi kavu.

Kwenye kinu cha unga mjini Manono hilo halina tatizo. Dizeli imekaa juu ya msingi wa saruji; karai linawekwa chini, nati inafunguliwa, uzito unamaliza kazi. Ndani ya boti injini imeshuka hadi karibu na mkuku, na nati ya sampu iko mahali ambapo spana haifiki wala karai haliingii. Ukiilazimisha, oili inamwagika kwenye ngama, inachanganyika na maji yaliyokusanyika humo, na anayekumba maji hayo anairusha oili mtoni, kwenye maji ya kunywa ya watu wa mkondo wa chini. Kwa ziwa, nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003 jijini Dar es Salaam, lakini mkataba haufungui nati. Oili hutolewa kwa juu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia, na hapo ndipo pampu inapohitajika.

Sasa jina. Bomba, neno lililokuja na Wareno likiwa na maana ya pampu, kwa wasomaji wengi limekwisha kuwa mrija wa maji, hivyo pampu ndilo linaloeleweka haraka. Kitenzi ndicho chenye ubishi. Kunyonya kunaleta picha ya mtoto na ziwa la mama, au ya tajiri na kibarua. Kuvuta ni pana mno. Kufyonza ndiko kunakosema jambo lenyewe: kutoa kimiminika chote kilichomo mahali pembamba. Basi “pampu ya kufyonza oili chafu” inafaa, ila inaficha kitu ambacho mnunuzi anatakiwa kukijua kabla hajatoa pesa.

Kuna pampu ambayo oili inapita ndani yake. Nyingi za hizo zinaendeshwa na betri ya volti 12, zikiwa na gia za shaba au kizungushio cha mpira. Ni za haraka. Lakini chembe za chuma zinakwaruza gia. Mpira usiostahimili oili unavimba. Na kizungushio kikizunguka kikavu kwa muda mfupi tu kimeungua. Mota hiyo hiyo ikitumiwa kuhamisha petroli, cheche zake zinaweza kuwasha boti nzima.

Nyingine sehemu zake za kusukuma haziguswi na oili hata kidogo. Ni silinda iliyofungwa kabisa, yenye mpini juu. Unasukuma mpini mara kadhaa, hewa inatoka, ndani panabaki ombwe, jina ambalo kamusi za sayansi za Tanzania zinatumia kwa nafasi iliyoondolewa hewa. Kuanzia hapo hewa ya nje inaisukuma oili ipande kwenye mpira uliotumbukizwa katika sampu hadi ndani ya silinda, kama juisi kwenye mrija, na fundi anaweza kukaa pembeni. Hii ingestahili kuitwa pampu ya ombwe.

Kwa boti ya Ankoro, ambako kizungushio cha mpira hakipatikani dukani na betri ina kazi ya kuwasha injini, pampu ya ombwe ndiyo ya kununua. Adui wake ni oringi, pete ya kuziba hewa, iliyochakaa: hewa ikipenya, oili haipandi. Meli ya Kalemie yenye sampu ya lita nyingi haitavumilia silinda ya lita 6 inayojazwa na kumwagwa mara kwa mara. Huko pampu ya gia ni sawa.

Muuzaji atasifia nguvu ya kuvuta. Asisikilizwe sana, kwa sababu oili inapanda chini ya mita moja tu, na hewa ina uwezo wa kuipandisha zaidi ya mita kumi. Kinachochelewesha kazi ni wembamba wa mpira na mnato wa oili. Daktari Mfaransa Poiseuille, aliyechunguza mtiririko katika mirija myembamba, alionyesha miaka ya 1840 kwamba kipenyo kikipungua nusu, mtiririko unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo utafutwe mpira mnene kuliko wote unaoweza kupita kwenye tundu la kijiti. Injini nayo iwashwe dakika kumi kisha izimwe: mnato wa oili ya 15W-40 yenye nyuzi 100 ni mdogo karibu mara saba kuliko wa ile yenye nyuzi 40.

Oili ikiacha kupanda, zisomwe alama za silinda. Kitabu kikisema sampu ina lita 5 na zimetoka 3 na nusu, ncha ya mpira imekwama juu ya kizuizi ndani ya sampu. Ivutwe kidogo, izungushwe, isukumwe tena mpaka iguse chini.